Hannah Jumwa Menza, Ambaye Hakuwa Daktari wa Mifugo

Kwa idhini ya baba mzazi, Mzee Menza Chome, kwa heshima ya mchungaji na wazee wa kanisa, majirani zetu Waislamu mliofika tangu asubuhi na mapema, marafiki na wafanyakazi wenzake waliotoka Ukunda na Diani, na nyote mliokaa juani kwa kuwa turubai halikutosha, shikamooni, na asanteni kwa kuja. Historia hii ya marehemu inasomwa, kwa niaba ya familia, na kaka yake mkubwa, Chome Menza, ambaye kwa miaka mingi alikuwa katibu wa kanisa hili. Kabla ya jambo lolote, familia inamwomba kila aliyeshika ratiba afungue ukurasa wa pili, atafute aya ya masomo, mstari wa tatu, palipoandikwa kwamba marehemu alisomea udaktari wa mifugo, na maneno hayo ayakate kwa kalamu, na asiye na kalamu amwazime aliye karibu naye. Kosa hilo si la mpiga chapa. Ni la nani, mtalisikia likifika mahali pake, kwa kuwa historia ya mtu huanza kwa kuzaliwa na familia imekubali kufuata utaratibu.

Hannah Jumwa Menza alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1991, hapa hapa Taru, upande wa pili wa reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Menza na marehemu mama Rispah. Boma letu wakati huo lilikuwa na mbuzi wengi na mbwa wawili wa kuchungia, na mmoja wao, jike la rangi ya udongo lililoitwa Tabu, ndilo lililomfundisha Jumwa kutembea, kwa maana alijiinua kwa kushika manyoya ya mgongo wake, akapiga hatua, akaanguka, akamshika tena, mama akipiga kelele na baba akicheka. Enzi hizo hakuna aliyeona haya. Mtoto kumshika mbwa wa kwao lilikuwa jambo la kawaida kama kushika kibuyu, na aibu ilikuja baadaye, tulipovaa viatu.

Alisoma shule ya msingi hapa Taru kuanzia mwaka 1997 hadi 2004, kisha akajiunga na shule ya bweni ya wasichana huko Kinango, alikofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2008. Akiwa kidato cha tatu aliandika insha ya kurasa nne kueleza kwa nini mbwa huzunguka mara kadhaa kabla ya kulala, na mwalimu akamrudishia kwa wino mwekundu, akimuuliza kama hakuna kitu kingine duniani cha kuandikia. Karatasi hiyo hakuitupa. Tumeikuta juma hili ndani ya Biblia yake, imekunjwa mara nne, na wino mwekundu bado unasomeka vizuri sana.

Mwaka 2009 aliajiriwa kuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, akifua shuka na taulo siku sita kwa juma, na siku ya saba, badala ya kulala kama wenzake, alijitolea katika kituo kidogo kilichokuwa kikiwahifadhi mbwa na paka walioachwa na wapangaji wa nyumba za ufuoni waliporudi makwao. Huko ndiko aliposikia kwamba ipo elimu ya chuo kikuu kuhusu mambo aliyokuwa akijiuliza tangu utoto, kwa nini mnyama hufanya anavyofanya, anaogopa nini, anajifunzaje, na mtu anawezaje kumfundisha bila kumpiga. Aliandika barua za kuomba ufadhili mara saba, akakataliwa mara sita, na mwezi wa Agosti 2011 akapata nafasi katika chuo kikuu kimoja huko Uingereza, akasomee shahada ya tabia za wanyama na ufundishaji wa mbwa.

Hapa sasa ndipo kosa lilipozaliwa, nalo lina tarehe yake. Jumapili, tarehe 28 Agosti 2011, barua ya chuo ilisomwa mbele ya kanisa ili marehemu aombewe safari, na kwa kuwa iliandikwa kwa Kiingereza, katibu wa kanisa aliombwa aifasiri. Katibu alisoma vizuri jina la chuo, akasoma vizuri tarehe ya kufungua, na alipofika penye neno mbwa aliinua macho, akawaona wazee kwenye benchi la mbele, akamwona baba yake amevaa koti la harusi, akaona na vijana wa kwaya ambao wangempa jina la utani kabla jua halijatua, basi akalimeza lile neno akatoa jingine. Alisema, "Atasomea mambo ya mifugo." Sauti ikatoka nyuma ikauliza, "Yaani udaktari?" Na katibu, aliyekwisha kuanza kutokwa na jasho, akajibu, "Naam, kama udaktari." Vigelegele vilivyopigwa siku ile mliopiga mpo hapa, na Jumwa alikuwa amesimama mbele akiwekewa mikono kichwani. Katibu huyo ndiye anayewasomea.

Alisoma kwa bidii huko ugenini kuanzia Septemba 2011 hadi Julai 2014, akafuzu kwa daraja la kwanza, jambo ambalo ratiba imelitaja kwa usahihi. Alituandikia kwamba darasani kwao mbwa huingia na kulala chini ya meza, kwamba alitumia muhula mzima kutazama masikio na mikia na kuandika alichokiona kila dakika, kwamba amegundua jinsi sisi tunavyowapigia kelele mbwa wetu na kisha kushangaa kwa nini hawasikii. Siku ya kuhitimu alipiga picha na mbwa aliyefanya naye mtihani wa mwisho, jike jeusi kubwa, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya kichwa cha mbwa huyo. Picha ilipofika nyumbani, Chome aliipeleka studio Ukunda akaomba mbwa akatwe. Fundi aliuliza mara mbili kama ana hakika. Ndiyo maana picha iliyotundikwa sebuleni kwa baba miaka kumi na mmoja, ambayo ndiyo iliyo kwenye jalada la ratiba mliyoishika, inamwonyesha Jumwa amevaa joho, anacheka, na mkono wake wa kushoto umekaa hewani juu ya kitu kisichokuwepo.

Alirudi Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2014. Alipokelewa kwa ngoma barabarani, akaletwa hadi uwanja huu, na hata hajavua viatu akaonyeshwa ng'ombe wa Mzee Fondo, jirani yetu, aliyelala ubavu tangu jana yake, na watu wakasimama kwa duara wakingoja sindano. Jumwa alimtazama kaka yake. Kaka yake alitazama mtungi wa maji. Ndipo aliposema kwa adabu, "Shikamoo baba Fondo, nisamehe, mimi sikusomea dawa, nipeni simu nimwite daktari," na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakasema tazama msomi asiyejisifu. Daktari alitoka mbali, ng'ombe akafa kabla hajafika, na sifa ile ya unyenyekevu ikageuka siku hiyo hiyo ikawa dharau, kwamba binti wa Menza amesoma kwa ajili ya ng'ombe wa Wazungu na wa kwetu anawaonea kinyaa. Mzee Fondo hakumwitikia salamu kwa miaka saba.

Jioni hiyo alimwambia kaka yake neno moja tu, kwamba aliyoyasema kanisani akayatengue kanisani, kwa sababu yeye akiyatengua atakuwa anamwaibisha kaka yake mbele ya watu na baba mbele ya wenzake wa mnada wa mifugo, ambao walikwisha kumwita Baba wa Daktari na kumpisha akae. Chome aliahidi kuyatengua Krismasi ya mwaka huo. Aliahidi tena Krismasi ya 2015, na Pasaka ya 2016, na baada ya hapo marehemu aliacha kumkumbusha. Familia inaona uchungu kulisema hili mbele ya jeneza, lakini uchungu zaidi ni kwamba ilichukua sekunde moja kulisema neno lile na miaka kumi na minne kulirudisha.

Kuhusu kazi, ajira haikuwa rahisi, kwa kuwa kila ofisi aliyoingia ilimwambia kwamba kazi ya kuzungumza na mbwa haipo, na zilizosikia uvumi wa Taru zilimtaka alete usajili wa udaktari ambao hakuwa nao wala hakuwahi kudai kuwa nao. Mwaka 2016 alichukuliwa na kampuni moja ya ulinzi huko Diani, ambayo haina haja ya kutajwa, alikokuta mbwa wakilazwa njaa na kuchapwa ili wawe wakali. Aliandika mpango wa kurasa ishirini kuonyesha kwamba mbwa mwenye hofu humng'ata mwenye nyumba kabla ya mwizi. Meneja aliusoma ukurasa wa kwanza, akacheka, akampa brashi na ndoo ya kuoshea vibanda. Aliosha vibanda hivyo kwa miaka miwili, na ilipofika Mei 2018, baada ya bosi huyo kung'atwa pajani na mbwa wake mwenyewe, aliacha kazi kwa hiari, na familia inasema wazi kwamba habari hiyo ya paja ilitufurahisha.

Katika kampuni hiyo hiyo, hata hivyo, ndipo alipompata mwanafunzi wake wa kwanza, ndugu yetu Swabir, askari wa zamu, ambaye yupo nasi. Swabir aliogopa mbwa, na zaidi ya hofu alikuwa na swala zake tano na hakutaka mate ya mbwa yaguse nguo zake, na wengine walimcheka na kumwambia achague kimoja. Jumwa hakumcheka. Alikaa mwezi mzima akitunga njia ya kufundisha bila kugusa, kamba ndefu, mluzi wa aina tatu, tuzo ya kurushwa kutoka mfukoni, nguo za kazi zinazobaki langoni, na mwisho wa mwezi Swabir alikuwa akipiga mluzi mmoja na mbwa wanne wanakaa kwa pamoja. Tangu siku hiyo alimwita Mwalimu, na alipopigiwa simu ya msiba alisema maneno ambayo familia imeomba ruhusa yake kuyasoma: "Mwenyezi Mungu amrehemu Mwalimu wangu wa mbwa, yeye hakunitaka nipunguze dini yangu hata kidogo ili nijue kazi yake." Kwa hesabu yetu ni yeye peke yake, katika pwani hii nzima, aliyemwita kwa cheo chake halisi.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Johnstone, mpishi wa hoteli aliyetoka bara na ambaye sasa ni wetu, Jumamosi, tarehe 9 Desemba 2017, mjini Ukunda, nao walijaliwa watoto wawili, Gillian aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2018 na Quincy aliyezaliwa tarehe 19 Juni 2021. Siku ya posa wazee wetu walimwambia Johnstone kwamba anamchukua daktari, ajiandae, naye, ambaye alikwisha kuelezwa kila kitu na mchumba wake, aliwajibu kwa Kiswahili chake cha bara, "Wazee, mimi naoa msee wa mbwa, na niko sawa kabisa." Alimaanisha mtu wa mbwa, lakini wazee walidhani ni mzaha, wakacheka. Shemeji, ulisema kweli peke yako kwenye mkeka ule, na aliyekaa kando yako hakukuunga mkono.

Kuanzia mwaka 2019 alikuwa akija Taru kila mwezi, na kazi aliyoifanya hapa ndiyo tunayotaka ikumbukwe. Fisi walikuwa wakila mbuzi wetu, na watu walikuwa wakiwatilia sumu fisi na kuishia kuwaua mbwa wao wenyewe. Jumwa aliomba watoto wa mbwa kumi na mmoja, akawalaza zizini na mbuzi wakiwa bado wachanga, wakakua wakijua harufu ya mbuzi kuwa ndiyo ya nyumbani, na kufikia mwaka 2021 maboma yaliyowafuga mbwa hao hayakupoteza hata mbuzi mmoja kwa fisi. Alizunguka pia shuleni, hapa na hadi Munje, akiwafundisha watoto wasikimbie mbwa anapowajia bali wasimame kama mti, mikono kifuani, macho chini. Mzee Fondo alikuja mwenyewe kuomba mtoto wa mbwa, akampa mkono baada ya miaka yote ile, akamwambia, "Ahsante sana, daktari." Johnstone anasema usiku ule mkewe alilia, na si kwa furaha.

Kisha ikaja Jumanne, tarehe 18 Oktoba 2022. Mtu fulani alipeleka habari kwa maafisa wa mifugo kwamba yupo mwanamke Taru anayejifanya daktari wa mifugo bila leseni. Maafisa walikuwa sahihi kuuliza, walikuta kijiji kizima kikiapa kwamba ndiyo, huyu ni daktari wetu, na kila aliyejitokeza kumtetea alizidi kumzamisha. Alihojiwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni kwa uongo ambao hakuusema yeye. Alimpigia kaka yake simu mara tano aje aseme neno moja. Kaka yake alikuwa Mombasa, aliiona simu ikiita, akatuma ujumbe kwamba yuko kwenye mkutano. Hakukuwa na mkutano. Aliachiliwa baada ya kuonyesha cheti chake, na afisa aliyekisoma aliuliza kwa mshangao kwa nini basi watu wake hawajui alichosomea. Marehemu alimjibu kwamba hata yeye amekuwa akijiuliza hivyo.

Alianza kuumwa tumbo mwezi wa Februari 2025, na mwezi wa Mei, katika hospitali ya Msambweni na baadaye Mombasa, ikaonekana ni saratani ya kongosho, kiungo ambacho wengi wetu hatukujua kiko wapi. Maneno yanayopita kwamba aling'atwa na mbwa, au kwamba mbwa wamemlipa, yaishie hapa leo. Mbwa hawakumfanyia ubaya wowote marehemu, na tungependa sisi watu tuweze kusema hivyo. Jumapili, tarehe 24 Agosti, alimwita kaka yake kitandani, akamwambia, "Kaka, historia yangu utaisoma wewe. Usinifanye daktari tena." Aliaga dunia Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Na pamoja na wasia huo, nakala ya ratiba ilipoletwa kabla ya kuchapwa, Chome aliuona mstari ule wa tatu, akasema moyoni kwamba watu wamekwisha kuzoea, akaipitisha. Juzi Alhamisi Johnstone alifika kutoka Ukunda, akaweka mezani picha nzima ya mahafali, ile aliyokuwa ameitunza Jumwa mwenyewe, akatoka nje. Hapo ndipo Mzee Menza alipoambiwa yote. Aliuliza jambo moja tu, kama Jumwa alijua ni nani aliyeanzisha uongo ule, na alipojibiwa kwamba alijua tangu siku ya kwanza na hakuwahi kumtaja, aliinuka akaenda kuwatazama mbuzi. Jana asubuhi aliitoa picha ya sebuleni kwenye fremu kwa mikono yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni na Mombasa waliomhudumia kwa upole, majirani waliochota maji na kupika tangu siku ya kwanza, kwaya, hoteli anakofanya kazi Johnstone kwa kumpa ruhusa, Swabir na wenzake waliokuja na mbwa wawili na kuwaketisha kule mbali kwa heshima ya wasiopenda kukaribiana nao, na Mzee Fondo aliyechimba kaburi pamoja na vijana akakataa kupokezana jembe. Tunawashukuru wote mliomwita daktari kwa upendo, kwa kuwa hamkuwa na kosa.

Mwenye kosa ni mimi. Nimejiita kaka yake, katibu na Chome tangu nianze kusoma kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusema mimi, na sasa nasema. Hannah Jumwa Menza alisomea tabia za wanyama na ufundishaji wa mbwa, alikuwa mwalimu wa mbwa, na picha iliyo juu ya jeneza ni picha yake nzima. Aliye chini ya mkono wake anaitwa Biskuti. Lala salama, dada yangu, mkono wako umepata tena pa kukaa.